Ziwa limeziba: moto au barafu, kukamua au kuacha?

Mama anayenyonyesha pale Moshi akisema tu kwamba ana bonge gumu kwenye ziwa, jua halizami kabla hajapewa ushauri wa watu wanne. Mama mkwe anabandika sufuria ya maji ili amkande. Wifi aliyejifungua mwaka jana anamwambia akamue mpaka ziwa liwe tupu kabisa. Wa duka la dawa anamtajia Ampiclox. Jirani anasema mtoto amebeulia ziwa, dawa yake ni kitana: uchane kutoka juu kushuka kwenye chuchu hadi bonge livunjike. Wote wanamtakia mema. Tatizo ni kwamba njia hizi zinapingana, na mwenye maumivu hana nguvu ya kuamua kesi.

Nimeziweka hapa mbilimbili ili uchague. Sitajifanya sina upande. Pale ambapo moja ni bora kuliko mwenzake nitasema.

Kwanza, bonge lenyewe

Tumezoea kudhani kuna punje ya maziwa yaliyoganda imekwama ndani ya mrija, na kwamba ikisukumwa itatoka. Dhana hiyo ndiyo mama wa kitana, wa kuminya kwa dole gumba na wa kukaa na pampu nusu saa. Kumbe ndani ya ziwa kuna mirija mingi midogo inayoungana na kupishana, na ile inayofunguka kwenye chuchu ni takribani 9 kwa wastani. Mara nyingi kinachotokea ni kwamba nyama inayoizunguka mirija imevimba na kujaa majimaji, ikaibana mirija kwa nje. Maziwa yanapita kwa shida kwa sababu njia imebanwa. Hakuna kizibo cha kuchokonoa.

Uelewa huu ndio uliobadilisha ushauri. Mwaka 2022 chama cha kimataifa cha madaktari wa unyonyeshaji, Academy of Breastfeeding Medicine, kilitoa mwongozo wake namba 36 kikaachana na mambo mengi yaliyokuwa yakifundishwa: kukanda kwa nguvu, kumaliza maziwa yote, kutegemea joto. Kabla ya hapo hata chapisho la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2000 lilikuwa likipendekeza vitambaa vya moto na kulisugua bonge kuelekea chuchu. Kwa hiyo usishangae manesi wawili wa kliniki moja wakikupa majibu mawili. Kila mmoja anasema alichofundishwa.

Basi kila njia iulize swali moja: hii inapunguza uvimbe au inauongeza?

Maji ya moto au barafu

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa majumbani, kwa sababu kumkanda mzazi kwa maji ya moto ni sehemu ya malezi yetu. Hakandwi tumbo peke yake. Mgongo, kiuno na miguu vyote hupitiwa na kitambaa, na mkono ukifika kifuani haurudi nyuma.

Moto una faida yake. Unalegeza misuli, unatuliza akili, na mama aliyetulia maziwa yake hushuka kwa urahisi zaidi. Lakini moto pia unapanua mishipa ya damu, na damu nyingi kwenye sehemu iliyovimba ni uvimbe zaidi. Ndiyo maana wengi hupata nafuu wakati kitambaa kiko juu ya ziwa, kisha baada ya muda ziwa linarudi kuwa gumu na zito kuliko mwanzo. Anayekanda anaona kazi bado haijaisha, anaongeza moto. Zaidi ya hapo, ngozi iliyovutika ikakaza huungua upesi.

Baridi hufanya kinyume: inabana mishipa, inapunguza majimaji na kufisha maumivu. Funga barafu kwenye kitambaa, weka juu ya bonge dakika 10 hadi 15, toa, rudia baada ya saa moja au ukihisi unaihitaji. Usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi. Huna friji? Duka lolote la mtaani linalouza barafu za watoto, zile ndefu za ubuyu kwenye nailoni, limekutatulia. Nunua mbili, zizungushie kanga. Mtoto mkubwa atalalamika kwamba unazipoteza, mwache alalamike.

Najua pingamizi. Kumwambia mzazi wa Machame au Ngaramtoni aweke barafu kifuani mwezi wa saba ni kumtafutia ugomvi na ukoo mzima, maana huku tunaamini baridi ikimwingia mzazi haitoki. Huhitaji barafu kwa miezi hiyo. Maji ya bomba ya asubuhi yanatosha. Loweka kitambaa, kamua, weka juu ya bonge peke yake. Mwili mwingine uwe umefunikwa vizuri, soksi miguuni na shuka la kimasai mabegani. Baridi inayotakiwa ni ya eneo la kiganja kimoja tu.

Na mama mkwe? Usimnyang'anye sufuria. Mwambie, "Mama, nesi amesema ziwa lisipate moto, ila mgongo unaniuma sana, nisaidie hapo." Mgongo na mabega yakikandwa, mama analegea, na mwenye kukanda hajadharauliwa. Kama wewe mwenyewe unapenda joto, oga maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi kabla ya kunyonyesha, kisha baada ya kunyonyesha rudi kwenye baridi. Nikilazimishwa kuchagua moja, nachagua baridi.

Mkono mzito au mkono mwepesi

Kukanda kwa nguvu sikupi hata kwa masharti. Kuminya bonge, kulisugua kwa ngumi, kulichana kwa kitana, kuliviringishia chupa, yote hayo yanaumiza nyama laini ambayo tayari imevimba. Inachubuka ndani, inavimba zaidi, na kinachofuata ni homa. Kuna wanaoapa kwamba kitana kiliwasaidia, na siwaiti waongo. Mabonge mengi huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili mtoto akiendelea kunyonya, kwa hiyo chochote ulichofanya siku ile kitapewa sifa.

Mkono mwepesi unafanya kazi tofauti kabisa, na hata uelekeo wake ni mwingine. Kitana kinasukuma kwenda kwenye chuchu. Mkono mwepesi unatoka kwenye chuchu kwenda kwapani, kwa sababu lengo lake ni kuyaondoa majimaji ya uvimbe kupitia tezi zilizopo kwapani na karibu na mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Lala chali au egemea mto. Anza na miduara midogo juu ya mtulinga, kisha kwapani. Halafu pitisha vidole juu ya ngozi kutoka chuchuni kuelekea kwapani na kuelekea mtulinga, polepole. Uzito wa mkono uwe kama unapompaka mtoto mchanga mafuta usoni. Ukisikia maumivu, umezidisha. Dakika chache kabla au baada ya kunyonyesha zinatosha.

Wengi hulalamika kwamba njia hii "haifanyi kitu" kwa sababu hawasikii chochote kikivunjika. Ni kweli hakuna kinachovunjika. Angalia baada ya saa kadhaa kama ngozi imelegea.

Wakati mwingine kwenye chuchu kunakuwa na kidoti cheupe au cha njano kama kichwa cha chunusi. Usikitoboe kwa pini, hata ukiichemsha. Kikitobolewa hurudi kikiwa kigumu zaidi, na umefungua mlango wa vijidudu. Daktari anaweza kukupa dawa ya kupaka.

Kumaliza maziwa yote au kunyonyesha kama kawaida

Ushauri wa wifi una mantiki ya nje: ziwa limejaa, limwage. Lakini ziwa si ndoo. Kiasi kinachotoka ndicho kinachoamua kiasi kitakachotengenezwa. Ukimnyonyesha mtoto, kisha ukamue, kisha upampu tena ili "liishe", mwili unaelewa kwamba una mapacha, na kesho unaleta maziwa ya mapacha. Uvimbe unakutana na maziwa mengi zaidi. Baadhi ya akina mama wanaopata mabonge kila mara ni hawa hasa, wenye maziwa mengi kuliko mtoto anavyohitaji.

Upande wa pili kuna anayeacha kabisa kunyonyesha ziwa linalouma, kwa maumivu au kwa kuambiwa maziwa yake "yameharibika". Hilo ni baya kuliko la wifi. Maziwa yanayobaki yanaongeza shinikizo, na bonge la asubuhi linaweza kuwa homa ya jioni. Maziwa ya ziwa lenye bonge hayamdhuru mtoto. Yanaweza kuwa na chumvichumvi kidogo, na mtoto akakunja uso. Mpe tu.

Njia ya kati ndiyo nzuri: mnyonyeshe anapotaka, maziwa yote mawili, kama siku nyingine. Ukiwa na maumivu makali anza na ziwa lisilouma, maziwa yakishaanza kushuka umhamishie kwenye linalouma. Kama sehemu nyeusi inayozunguka chuchu imekuwa ngumu hata mtoto anateleza, bonyeza taratibu kwa ncha za vidole kuizunguka chuchu, kuelekea kifuani, kwa muda wa kama dakika moja. Majimaji yanarudi nyuma na mtoto anapata pa kushika. Au kamua kidogo kwa mkono, matone ya kulainisha tu. Habari za kumnyonyesha mtoto ukiwa umepiga magoti na kumwinamia, ili maziwa yavutwe na uzito wake, zipite. Zinachosha mgongo na hazina faida ya maana.

Kati ya mkono na pampu, kwa bonge la siku moja nachagua mkono, kwa sababu unaacha ukishalainika. Pampu haina huruma hiyo, na kikombe chake kisipolingana na chuchu kinachubua. Pampu ina mahali pake kazini. Ukikaa ofisini kuanzia saa mbili hadi saa kumi bila kutoa kitu, mabonge yatakuwa rafiki zako. Toa kwa nyakati zile zile ambazo mtoto angenyonya, siyo zaidi. Na ujue haki yako: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na ukirudi kazini mwajiri anatakiwa akuruhusu kunyonyesha kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mama anayeuza soko la Mbuyuni au la Kilombero hana mwajiri wa kumdai. Kwake ulinganisho ni mwepesi: mtoto aletwe sokoni, au mama akamue kwa mkono mchana ndani ya kikombe safi chenye mfuniko.

Hapo hapo angalia kinachokubana. Sidiria yenye waya, kanga iliyofungwa kwa nguvu kukatisha ziwa ukimbeba mtoto mgongoni, mkanda wa mkoba, kulala kifudifudi. Bonge likirudi kila mara mahali pale pale, chunguza nguo zako kabla ya kumshuku jirani.

Brufen au panadol

Zote mbili zinaruhusiwa kwa anayenyonyesha, na kiasi kinachofika kwenye maziwa ni kidogo sana. Tofauti ni kwamba panadol inatuliza maumivu na homa, wakati brufen inafanya hayo na kupunguza uvimbe wenyewe. Kwa tatizo hili brufen ndiyo yenye hoja: miligramu 400 kila baada ya saa 6 hadi 8, baada ya kula. Soma paketi, kwa sababu kuna vidonge vya 200 na vya 400. Usiitumie kabla ya kuongea na daktari kama una vidonda vya tumbo, pumu, matatizo ya figo, au presha iliyopanda wakati wa ujauzito au baada ya kujifungua. Wenye hayo wabaki na panadol, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi vinane kwa saa 24. Aspirini iache dukani.

Ampiclox na ndugu zake si za bonge la kawaida. Antibayotiki inaua vijidudu, na bonge lisilo na homa mara nyingi ni uvimbe mtupu. Ukimeza dozi nusu kwa sababu bonge limeisha siku ya pili, umejiandalia usugu wa dawa, na huenda wewe na mtoto mkapata fangasi kama nyongeza.

Kabichi, lesithini na uji wa pilipili manga

Jani la kabichi lililopoa linasaidia, ila halishindi kitambaa cha baridi. Ukipenda harufu yake, lioshe vizuri kwa sababu ya dawa za shambani, ponda mishipa yake, weka kama dakika 20. Ngozi ikiwa imechanika, acha.

Lesithini, kirutubisho chenye asili ya mafuta kinachotolewa kwenye alizeti au soya, gramu 5 hadi 10 kwa siku, imetajwa kwenye mwongozo ule wa 2022 kwa wanaorudiwa na mabonge. Ushahidi wake ni mwembamba na haipatikani kila famasi. Kwa bonge la leo sizungukii mji mzima kuitafuta.

Mtori hauna kosa, kula. Ila kama nyumbani wanaongeza uji wa pilipili manga na supu kwa nia ya kuongeza maziwa, waombe wapumzike siku mbili tatu. Ziwa linalouma kwa kujaa halihitaji kuchochewa.

Kusubiri nyumbani au kwenda hospitali

Bonge bila homa, mama anakula na kutembea: subiri nyumbani siku moja hadi mbili, kwa baridi, mkono mwepesi, brufen na mtoto kunyonya kama kawaida. Likipungua hata kidogo kila siku uko njiani.

Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, kutetemeka, mwili kuuma kama wa mafua makali, eneo la ziwa kuwa la moto na kung'aa: hayo ni mambo mengine. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Linganisha na ziwa jingine, utaona eneo limekuwa jeusi zaidi au limekaza likang'aa, na mkono utahisi joto lake. Kama hali hiyo haijapungua ndani ya saa 24, au inazidi haraka, nenda. Levolosi au Mount Meru kwa aliyeko Arusha, Mawenzi au KCMC kwa wa Moshi, au kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Ukifika, onyesha ziwa. Nasema hivyo kwa sababu mama mwenye homa akikaa mbele ya daktari na kusema tu "nina homa na viungo vinauma", kwa huku kwetu ataanza kupimwa malaria na U.T.I. Kupima malaria ni sawa, lakini ziwa lisipotajwa utarudi nyumbani na vidonge visivyohusika. Sema pia kwamba unanyonyesha, na mtoto ana umri gani, kabla dawa haijaandikwa.

Mama anayetumia ARV asisubiri siku mbili. Ziwa lenye uvimbe au chuchu iliyochanika huongeza uwezekano wa virusi kupita kwenye maziwa. Aende kituoni siku hiyo hiyo, na kwa wakati huo mtoto anyonye ziwa lisilouma tu; la upande unaouma akamue na kumwaga mpaka lipone. Dawa zake asiziache.

Bonge lisilouma, au lisilopungua kabisa baada ya wiki moja au mbili, lipimwe hata kama huna homa. Mara nyingi ni kifuko cha maziwa, lakini mama anayenyonyesha anaweza kupata saratani ya matiti kama mwanamke mwingine yeyote, na kipimo cha ultrasaundi hakimzuii kunyonyesha.

Kipimo hicho ndicho kinachoonyesha pia kama limekuwa jipu. Jipu haliishi kwa vidonge peke yake, lazima usaha utoke, na hapo unaweza kukutana na chaguo la mwisho: kuvutwa kwa sindano au kupasuliwa. Sindano inaacha kidonda kidogo, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo, lakini mara nyingi hurudiwa baada ya siku chache kwa sababu usaha hujaa tena. Kupasua kunafaa kwa jipu kubwa, au pale ngozi ya juu imeshakuwa nyembamba ikataka kupasuka yenyewe. Kidonda chake huhitaji kusafishwa kwa siku nyingi na kinaweza kuvuja maziwa kwa muda. Jipu likiwa dogo, uliza kama sindano inawezekana. Na katika njia zote mbili uliza kidonda kitakaa wapi, ili mdomo wa mtoto upate nafasi ya kushika ziwa.